Lugha ya Waliorudi: Udugu na Kumbukumbu za Askari wa Keya

Katika barabara ya Kenyatta mjini Nairobi pana sanamu za shaba za watu watatu waliosimama juu ya kitako cha mawe. Mmoja wao ni mpagazi. Sanamu hizo ziliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwa ukumbusho wa Waafrika walioingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na nyingine za jinsi hiyo ziliwekwa Mombasa na Dar es Salaam. Chini yake pameandikwa maneno ambayo asili yake ya Kiingereza ilitungwa na Rudyard Kipling, na Kiswahili nacho kikapewa nafasi yake hapo. Maandishi hayo yanamwahidi aliyekufa kuwa wanawe watalikumbuka jina lake. Walakini, mtu akikizunguka kitako hicho chote, hataliona jina hata moja, la askari wala la mpagazi.

Upungufu huo ndio unaozaa swali la makala haya. Ikiwa jiwe halikuyahifadhi majina, kumbukumbu za watu hao zilihifadhiwa wapi, na kwa njia gani? Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo ilihifadhiwa katika lugha: katika majina ya mitaa, katika maneno ya kuitana, katika nyimbo na ngoma, na katika masimulizi ya baraza na matanga. Tena lugha haikuwa pambo tu la udugu wa askari, ndiyo iliyoujenga. Kwa sababu hiyo, habari za askari wastaafu, ambazo kwa desturi wameachiwa wanahistoria, zinawahusu wanaisimu pia.

Jeshi la watu wa lugha nyingi

Jeshi la King's African Rifles, yaani KAR, liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vilivyokuwako Afrika ya Kati, Uganda na Afrika Mashariki. Wasemaji wa Kiswahili waliyachukua matamshi ya herufi hizo tatu wakayafanya neno moja, Keya. Aliyetumika humo akawa askari wa Keya, na jina hilo alizeeka nalo.

Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vilianzia mipakani vikaenda mpaka Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck halikuweka silaha chini ila tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, majuma mawili baada ya vita kukoma Ulaya. Kwa kuwa barabara zilikuwa chache na mbung'o waliwaangamiza wanyama wa mizigo, chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilichukuliwa vichwani na mabegani. Wapagazi walioandikwa na Waingereza katika vita hivyo hukadiriwa kukaribia milioni moja. Waliokufa hukadiriwa kuwa 95,000 au zaidi. Na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara damu, malaria na njaa.

Katika Vita vya Pili, watu zaidi ya 300,000 kutoka Afrika Mashariki na Nyasaland waliingia jeshini. Walipigana Abisinia mwaka 1941 na Bukini mwaka 1942. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw nchini Burma katika majira ya mvua kubwa, ikauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Katika vikosi hivyo Mkamba alilala ubavuni mwa Mnandi, Mluo akala pamoja na Myao, na Macholi akalinda zamu na Mnyamwezi. Watu hao hawakuwa na lugha moja ya mama. Basi, kabla ya kujifunza kupiga bunduki, iliwapasa kujifunza kusemezana.

Kutoka amri hadi udugu

Lugha waliyopewa ilikuwa Kiswahili, lakini Kiswahili cha namna yake, kilichoitwa KiKAR au Kikeya. Wakati Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi yake mwaka 1930, kambi za jeshi zilikuwa tayari na usanifu wao wenyewe. Ngeli zilipunguzwa, na upatanisho wa kisarufi ukarahisishwa. Palipotakiwa kusemwa viti hivi vyangu, msemaji wa kambini aliridhika na kiti hii yangu. Vitenzi vya amri vilikuwa vingi, kwa sababu kazi ya kwanza ya lugha hiyo ilikuwa kumwambia mtu aende, asimame, ageuke au apige.

Wasomi wengi wameiangalia Kikeya kwa upande wa kasoro zake tu. Kwa hakika, mbele ya mshairi wa Mombasa au Lamu, lugha hiyo ilikuwa na mapengo mengi. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba lugha haipimwi kwa sarufi peke yake. Hupimwa pia kwa kazi inayoifanya. Kile kilichotungwa kwa ajili ya amri kiligeuzwa na askari wenyewe kuwa lugha ya kupeana ugoro, kusomeana barua za nyumbani, kutaniana, na kumwambia mwenzi aliyejeruhiwa asiogope. Magazeti ya jeshi, kama vile Askari na Heshima, yaliwapa jambo la kusoma kwa pamoja. Na kila aliyejua kusoma akawa msomaji wa wenziwe wasiojua. Kwa njia hiyo Kiswahili, ambacho kwa wengi kilikuwa lugha ya pwani na ya serikali, kikawa lugha ya mtu na mwenzake.

Hapa ndipo neno mwenzi lilipopata uzito mpya. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki wenzi wa mtu ni wale wa ukoo wake au wa rika lake, waliotahiriwa pamoja naye. Askari aliingia kundi ambalo halikuwa na ukoo mmoja wala jando moja, lakini lililokuwa na dhiki moja. Wahenga wamesema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Jeshini methali hiyo haikuwa mawaidha bali ushahidi wa kila siku. Wazee wa Keya walipokutana miaka mingi baadaye, swali la kwanza halikuwa kabila wala dini, bali kombania: ulikuwa kombania gani, na ulikuwa wapi mwaka fulani? Jibu lilipofanana, ujamaa ulikuwa umekwisha kuthibitika.

Maneno yaliyopita mipaka ya adui

Msamiati wa askari una historia ndefu kuliko Keya yenyewe. Askari ni neno la asili ya Kiarabu. Afande limetoka katika neno la Kituruki lenye maana ya bwana. Lilipitia Misri na Sudani likaletwa na askari Wasudani ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 kutoka mabaki ya jeshi la Emin Pasha. Wajerumani nao walikuwa wamewaandika Wasudani mjini Kairo mwaka 1889. Kwa hiyo ng'ambo zote mbili za mpaka palisikika maneno ya asili moja, kama vile afande na ombasha, yakiwaita wakubwa wa majeshi yaliyokuja kupigana.

Ushirika huo wa maneno si jambo dogo. Mwaka 1917, wakati vita vingali vinaendelea, Waingereza walikifufua kikosi cha 6 cha Keya kwa kuwaandika pia watu waliokuwa askari wa Wajerumani. Mtu alibadili bendera, lakini hakulazimika kuibadili lugha ya kambi. Husimuliwa pia kwamba mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani malimbikizo ya mishahara, wazee walikusanyika Mwanza, na wachache tu miongoni mwao walikuwa na vyeti. Mlipaji akampa kila mzee ufagio mahali pa bunduki, akamtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea. Karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa au kuungua na nyumba, lakini maneno yalikuwa yamebaki mwilini.

Wasudani wenyewe waliacha ushahidi mkubwa zaidi. Baada ya utumishi wao walipewa makao nje ya Nairobi, mahali walipopaita Kibra, yaani msitu, jina ambalo baadaye liliandikwa Kibera. Lugha yao, Kinubi, ni krioli yenye asili ya Kiarabu iliyozaliwa katika kambi za jeshi, na husemwa hapo Kibra na Bombo nchini Uganda. Ni mara chache kuona wazi namna hii jinsi udugu wa jeshi unavyoweza kuwa jamii, na jamii ikawa na lugha yake. Hata hivyo wazao wa askari hao waliishi zaidi ya karne bila hati ya ardhi yao, mpaka mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Kwa miaka yote hiyo, jina Kibra lilikuwa likidai kile ambacho karatasi ilikuwa imekinyima.

Beni: ngoma ya kuzikana

Kumbukumbu haiwezi kuishi kwa maneno matupu. Huhitaji watu wanaokutana. Baada ya Vita vya Kwanza, mahali pa kukutana palikuwa ngoma ya beni. Ngoma hiyo ilianzia miji ya pwani ya Kenya, ikawa na vyama viwili mashuhuri, Marini na Arinoti. Terence Ranger, katika utafiti wake wa mwaka 1975, ameeleza jinsi askari na wapagazi walivyoieneza bara wakati wa vita na baadaye, hata ikafika Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini katika sura nyingine.

Mtazamaji wa juujuu angeweza kudhani kuwa beni ni kuigiza Wazungu tu: gwaride, baragumu, vyeo vya jenerali na mfalme. Lakini nyuma ya mapambo hayo palikuwa na chama cha kusaidiana. Mwanachama mgeni alipokelewa, mgonjwa akaangaliwa, na maiti akazikwa kwa heshima. Mpagazi ambaye jeshini hakuwa na cheo chochote aliweza, katika beni, kuitwa kwa cheo na kupigiwa saluti na wenziwe. Hivyo vyeo vilivyokuwa vya mtawala viligeuzwa maana. Cheo cha jeshini kilimpa mtu uwezo wa kuamuru. Cheo cha beni kilimpa wajibu wa kutunza.

Jambo hili haliko mbali na desturi ya utani. Katika nchi ya Tanganyika, makabila mengi yanaeleza utani wao kuwa ulizaliwa na vita vya zamani au na safari za misafara. Mtani ana ruhusa ya kumkejeli mtani wake, lakini siku ya msiba yeye ndiye anayetazamiwa kufanya kazi za mazishi, na kuwachekesha wafiwa ili huzuni isiwazidi nguvu. Kwa watu waliolelewa katika desturi kama hiyo, haikuwa ajabu kwamba waliotembea pamoja njia ya mauti wawiwe haki ya kuzikana.

Mitaa iliyo makumbusho

Yale ambayo mtawala hakuyaandika katika jiwe, watu waliyaandika katika ardhi. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wasemaji wa Kiswahili walilichukua jina hilo wakalipa irabu na silabi za kwao, na palipokuwa kambi zake pakaitwa Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi. Maelfu ya watu huenda kila siku katika masoko ya mitaa hiyo kununua mboga, vyondo na nguo. Wachache kati yao hujua kwamba wanalitaja jeshi la watu waliokufa kwa makumi ya maelfu. Hata hivyo wanalitaja. Mjini Nairobi tena, karibu na Shauri Moyo, liko soko la nyama liitwalo Burma, ambalo jina lake linakumbusha vita vya pili na nchi ya mbali walikofika vijana wa hapa.

Majina hayo yana kasoro kama kumbukumbu: yanataja kundi, hayamtaji mtu. Yana fadhila pia. Sanamu huweza kupitwa bila kutazamwa, lakini jina la soko halina budi kutamkwa na kila aendaye huko. Ni kazi ya mwalimu wa lugha kulifungua neno hilo mbele ya wanafunzi ili wakione kilichomo.

Udugu uliogeuka dai

Si wote waliorudi kutoka Burma waliotosheka na soga za baraza. Waruhiu Itote, aliyekuwa koplo wa Keya huko Burma na baadaye akajulikana msituni kwa jina la Jenerali China, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1967 jinsi mazungumzo ya vitani yalivyomfanya ajiulize anapigania nini. Bildad Kaggia, aliyetumika Mashariki ya Kati na Uingereza, naye ameacha maelezo ya mabadiliko ya fikra zake katika kitabu cha mwaka 1975. Katika maandishi ya namna hii, udugu wa askari unaonekana kuwa na makali. Watu waliokuwa wamekula chakula kimoja na kuzika wenzao katika udongo mmoja walirudi nyumbani wakakuta malipo ya kuagwa jeshini yamepimwa kwa rangi ya ngozi, na ardhi bado ni ya wengine. Neno mwenzetu lilianza kuuliza swali: mwenzetu ni nani?

Majina yaliyokosekana

Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika chache, na watu 1,297 wakafa, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Wapiga mizinga hao hawana kaburi, lakini wanatajwa katika ukumbusho ulioko kwenye makaburi ya vita barabara ya Ngong, Nairobi. Mjukuu aweza kwenda pale akaweka kidole juu ya jina la babu yake.

Mjukuu wa mpagazi wa mwaka 1917 hana pa kuweka kidole. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza wakiitumikia Dola ya Uingereza, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Haikuwa bahati mbaya tu ya karatasi kupotea. Wakuu wa wakati ule waliona kwamba Mwafrika hangelithamini kaburi lenye jina lake, na kwamba sanamu moja ingewatosha wote.

Dhana hiyo inakanushwa na lugha zote za nchi hizi. Watu wanaowapa watoto wao majina ya babu zao, wanaotambika kwa kutaja wafu mmoja mmoja, na ambao msibani huuliza marehemu ni mwana wa nani, hawawezi kusemwa kuwa hawajali majina. Kilichokosekana hakikuwa heshima ya jina; ni sikio la kulisikia na kalamu ya kuliandika.

Kazi iliyobaki

Fasihi ya Kiswahili imeshughulikia vita hivi kwa kiasi. Shaaban Robert aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi kubwa kabisa juu ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, inayoyatazama mapambano ya mataifa na viongozi wao kwa upana wa dunia. Sauti ya askari wa kawaida, pamoja na Kikeya chake, vituko vyake na vilio vyake, haijapata mkusanyaji wa kutosha. Wakusanyaji wa fasihi simulizi wamezoea kumwendea mzee wakitafuta hekaya na methali za kabila lake, na kwa hivyo kile alichojifunza katika kombania kimepitwa kama lugha mbovu isiyofaa kunakiliwa.

Muda wa kusahihisha kosa hilo umebaki kidogo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 huko Burma mwaka 1944 amekwisha kupita umri wa miaka 100, na walio hai wanahesabika. Lakini wako watoto na wajukuu waliosikia. Wanajua mzee aliwaitaje wenziwe, aliimba nini alipokuwa akilima, ni neno gani la Kikeya alilomkaripia nalo mtoto, na ni jina gani la rafiki aliyekufa vitani ambalo alimpa mwanawe ingawa halikuwa la ukoo wake. Majina ya jinsi hii, yaliyoingia ukoo kwa njia ya urafiki na si ya damu, yanastahili kutafutwa na kuorodheshwa kila wilaya, pamoja na msamiati na nyimbo. Mwanafunzi anayekwenda nyumbani likizo anaweza kuianza kazi hiyo kwa daftari moja na swali moja kwa bibi yake: babu alirudi akimtaja nani?

Jina litakalopatikana kwa njia hiyo huenda lisichongwe kamwe katika kitako cha barabara ya Kenyatta. Lakini litakuwa limetoka katika kinywa cha mwisho kinachoweza kulitamka na kuingia katika maandishi. Na ahadi iliyotolewa mbele ya sanamu zile itakuwa imeanza kutimizwa.